Robine niliyoletewa kutoka Marekani

Paka wa jirani ndiye aliyegundua kabla yangu. Nilikuwa nimejilaza kwenye kiti sebuleni, kimea changu cha bia kikiwa ndani ya glasiere (sanduku la kutunzia vitu vya baridi) tangu saa mbili usiku, na kazi iliyobaki ilikuwa kungoja saa tatu ifike. Nikasikia ulimi jikoni, taratibu, kama mtu anayelamba sahani. Kuran, yaani umeme, ilikuwa imekatika tangu jioni, kwa hiyo niliwasha tochi ya simu nikamkuta katikati ya dimbwi la kahawia, anakunywa. Alinitazama mara moja, akaendelea. Karibu lita sita za maji matamu ya kimea zilikuwa zimemwagika sakafuni, na kile kirobine (koki ndogo) cha plastiki kilikuwa bado kinadondosha, tone kwa tone, bila haraka yoyote.

Nieleze kidogo kwa asiyejua mambo haya. Mama yangu aliuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, mtaani Katuba hapa Lubumbashi tangu nikiwa mtoto, na hata leo anauza kidogo mlangoni pake. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe kiasi, kisha anatia mizizi ya mmea wa munkoyo iliyopondwapondwa. Baada ya muda uji mzito unalegea, unakuwa mwepesi kama maji, na mtamu, wala hajatia hata kijiko cha sukari. Utotoni niliona ni uchawi wa mama. Baadaye nikasoma kwamba ndani ya mzizi mna vimeng'enya vinavyokata wanga na kuugeuza sukari. Kwenye bia kazi hiyo hiyo inafanywa na kimea cha shayiri, ila kimea kina adabu zake: kinataka joto la digrii 65 hadi 68, kwa saa nzima, bila kupanda wala kushuka sana. Likishuka, bia inatoka nyepesi na kavu. Likipanda inabaki nzito yenye utamu usiokwisha, na ukipita 75 vimeng'enya vinakufa upesi, hata kama wanga bado uko pale pale.

Mama hutumia mgongo wa mkono wake kupima. Mimi nina kipimajoto. Kwa muda mrefu nilikidhani kibovu, kwa sababu maji yakichemka hakikuvuka 96. Kumbe Lubumbashi tuko kama mita 1200 juu ya bahari, na maji ya hapa yanachemka kweli kwenye 96.

Kutunza digrii 67 juu ya mbabula, jiko la makala (makaa), ni kazi ya kichaa. Makala yakishika, sufuria inaruka hadi 80, ukiyapunguza inaanguka. Ndiyo maana wapikaji wa nyumbani hutumia glasiere. Sanduku linalozuia ubaridi usitoke linazuia vilevile joto lisitoke. Unachemsha maji mara moja tu, unamimina, unatia kimea, unafunga mfuniko, na makala yako yanapumzika. Yangu niliinunua kuukuu, ya lita 30, imetoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama vitu vingi vya hapa. Ilikuja na kirobine cha kubonyeza, kilichotengenezwa kwa ajili ya juisi ya baridi kwenye sherehe.

Neno hilo, juisi ya baridi, ndilo nililopaswa kulisikiliza. Plastiki ile kwenye digrii 67 ilikuwa inalegea. Mpira wake mwembamba ulijikunja, na mdomo wake mdogo uliziba kwa punje mbili tu. Kwa miezi minane niliuvumilia huku nimeweka bakuli chini yake. Usiku wa paka niliapa kutafuta robine ya kweli, au koki, kama wanavyosema ndugu zetu wa Dar es Salaam.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yuko Marekani. Nilimwandikia, naye akanitumia kwa mkono wa mgeni robine ya inoksi (chuma kisichoshika kutu), ya mpini wa kugeuza robo duara, ya vipande vitatu: ukilegeza boliti nne inafunguka tumboni na unaisafisha hadi ndani kabisa kwenye ile gololi yenye tundu. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Niliiweka mezani siku mbili nzima naitazama tu. Majirani walidhani ni kipuri cha gari.

Sasa ilihitajika kitu cha kuiunganisha na glasiere. Nilikwenda mtaa wa Kenya (wa Lubumbashi huu, si nchi), kwenye maduka ya vifaa vya mabomba, nikaomba kibomba kifupi chenye meno pande zote mbili, cha nusu inchi, kwa sababu kwenye robine paliandikwa nusu inchi. Muuzaji akanipa. Nilikipima kwa kalipa nikakuta upana wake ni milimita 21. Nusu inchi ni milimita 12.7. Nikamrudishia, nikamwambia amekosea. Akacheka, akaniita mama, akanieleza kwamba nusu inchi ya mabomba ni jina tu, tena jina la zamani, na kwamba mafundi wanaosema Kifaransa huiita 15/21, yaani tundu na upana wa nje. Hiyo 21 ndiyo inayokuhusu unapotoboa. Nilifurahi kwamba sikuwa nimeshatoboa, kwani tundu la 13 lingenichekesha zaidi ya yeye.

Nyumbani kibomba kiliingia kwenye robine vizuri, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kikakaza. Nikadhani kimefika. Nikatia maji ya moto, nikakaa kwa furaha dakika tano, halafu likatokea tone kwenye kiungo. Nikafungua, nikazungusha tefloni (utepe mweupe wa mafundi bomba) mara tatu, nikakaza. Tone. Mara sita. Tone. Mara kumi, hadi kiungo kikawa na bandeji kama kidole kilichokatwa, na bado tone, ila sasa lilichukua muda mrefu zaidi kujikusanya, kana kwamba linanionea huruma. Nilikaza kwa spana ndefu hadi glasiere nzima ikapiga kelele. Tone.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mitambo ya migodi. Siku hizi ana mashine ndogo ya kukereza chuma nyuma ya nyumba yake. Nilimpelekea vitu vyote viwili ndani ya mfuko.

“Jambo baba.”

“Jambo mama. Umeleta nini, silaha?”

Hakuuliza kitu kingine. Akatoa kijitabu cha vibati vya chuma vyenye meno kama vichana, akajaribu kimoja kwenye kibomba, kikakaa. Akakijaribu kile kile ndani ya mdomo wa robine, akakishika kuelekea kwenye jua, akaniita nione. Mwanga ulipita kati ya jino na jino. Akachukua kichana kingine, na hicho kikakaa kwenye robine bila mwanga.

“Hawa ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali,” akasema. “Wanasalimiana. Hawawezi kulala kitanda kimoja.”

Ni hivi. Mabomba yanayouzwa kwetu, na Afrika Kusini, na Ulaya, yana meno ya mtindo wa Uingereza, ambao pembe ya kila jino ni digrii 55. Marekani wanatumia mtindo wao, digrii 60. Kwa bahati mbaya, kwenye nusu inchi mitindo yote miwili ina meno 14 kwa kila inchi. Ingekuwa idadi tofauti, kibomba kingekataa tangu mzunguko wa kwanza, na mimi ningejua. Lakini kwa sababu idadi ni moja, kinaingia, kinakubali, kinakudanganya, kisha kinakaza kabla meno hayajagusana vizuri. Katikati unabaki mfereji mwembamba unaozunguka kama ngazi, na maji yanaupanda yakiwa hayana haraka. Tefloni kazi yake ni kulainisha na kujaza mapengo madogo. Kwa mfereji ule, hata ningefunga mita mbili, ni bure.

Nilimuuliza kama aitie robine meno mapya. Akakataa kabisa: inoksi ni ngumu, ukuta wa robine ni mwembamba, na kitu kizuri hakichezewi. Badala yake atakereza kibomba kipya, upande mmoja digrii 60 kwa ajili ya robine, upande mwingine 55 kwa ajili ya vitu vya hapa. Na atakitengeneza kwa shaba njano.

Hapo nikasita, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba shaba njano nyingi hutiwa kidogo madini ya risasi, ambayo ni sumu. Baba akakubali bila kona: ndiyo, na risasi hiyo hiyo ndiyo inayofanya ikereze vizuri, takataka zake zinakatika fupi fupi badala ya kuwa nyuzi ndefu za kukata mikono. Ila kinachokupata wewe, akasema, ni ile iliyopakazwa juu ya uso wakati wa kukata, nayo inaoshwa. Nilikuwa nimeshasoma dawa yake: siki nyeupe vipimo viwili, na ile maji ya oksijene (hydrogen peroxide) ya duka la dawa ya asilimia 3, kipimo kimoja. Kibomba kilipokuwa tayari nilikitumbukiza kwenye glasi. Mapovu madogo yakaanza kupanda. Kile kijivujivu cha karakana kikatoka, na baada ya dakika saba hivi chuma kikageuka rangi ya siagi, laini, haking'ai. Ndipo unapokitoa. Ukikiacha hadi maji yaanze kuwa kijani, ujue sasa unayeyusha shaba yenyewe, na unarudisha nyuma kazi uliyofanya.

Robine ikakaa. Tefloni mizunguko mitatu, spana ya kawaida, kiungo kikavu kabisa.

Glasiere ikavuja.

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo ambapo wengi wanaoulizia robine nzuri hawapatazami. Ukuta wa glasiere si ukuta mmoja. Kuna ngozi ya plastiki ndani, ngozi ya plastiki nje, na katikati povu gumu, kwangu jumla sentimita 4. Unapopitisha kibomba na kukaza nati, hukazi chuma juu ya chuma, unakaza chuma juu ya mkate. Povu linakubali, linabonyea, nati inalegea, unakaza tena, linabonyea tena. Wakati huo huo ngozi ya ndani inajikunja kuzunguka tundu, na maji matamu yanapita chini ya mpira na kuingia kwenye povu. Hayadondoki sakafuni, kwa hiyo huyaoni. Unayanusa wiki mbili baadaye. Mimi nilinusa siki kwenye glasiere iliyooshwa na kukaushwa juani, nikaiosha tena, nikainusa tena, na niliposukuma kidole pembeni ya tundu yakatoka maji ya kijivu.

Na mpira wenyewe. Nilikuwa nimekata mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Bia iliyotoka hapo ilinuka karakana. Nilimwaga lita 20, na mume wangu, ambaye hunywa kila kitu, hakupinga.

Dawa ya ukuta alinipa baba yule yule, tena akiwa anakula, bila kusimama. Chukua kipande cha bomba la chuma la robo tatu inchi, kikate urefu sawasawa na unene wa ukuta, kipitishe tunduni. Bomba la robo tatu lina tundu la ndani la milimita 21 na ushei, na kibomba cha nusu inchi kinapita humo kama kidole kwenye pete. Tundu la glasiere nililipanua hadi milimita 27 ili hicho kipande kiingie. Sasa nati ikikazwa inabana kipande cha chuma, povu halihusiki tena. Unaweza kukaza kama mwanaume, alisema, na mimi nikamwambia nitakaza kama mwanamke, itakaa zaidi. Akacheka hadi akaweka kijiko chini.

Upande wa ndani alikuwa ameshaacha bega pana kwenye kibomba, duara la sentimita 4, kwa hiyo hakuna nati huko na hakuna meno ya maji kupenya. Chini ya bega nilikata duara kutoka kwenye mkeka wa silikoni wa kuokea mikate, unaovumilia joto la tanuri, sembuse digrii 67. Povu nililisuuza, nikalikausha kwa wiki moja mfuniko ukiwa wazi, kisha ndipo nikafunga. Tangu siku hiyo hakuna tone, ndani wala nje.

Upikaji wa kwanza na robine mpya niliwaita shemeji zangu waje waone. Kilo 5 za nafaka, lita 15 za maji yaliyoingia yakiwa digrii 73 ili mchanganyiko utulie kwenye 67. Saa moja ikapita. Nikashika mpini, nikaugeuza wote, robo duara kamili, kwa mbwembwe. Mkondo mnene kama kidole gumba ukatoka, wakashangilia. Baada ya dakika mbili ukawa uzi. Kisha matone. Kisha hakuna. Ndani bado mlikuwa na lita nyingi tu.

Robine ya juisi, kwa umaskini wake, ilikuwa inanilinda. Mdomo wake mdogo ulitoa polepole, na nafaka zilikaa zimelegea. Robine pana ikifunguliwa yote, uzito wa maji unavuta tabaka zima la nafaka chini, linajikaza juu ya chujio kama udongo wa kufinyangia. Tena mimi hutia mtama wa kimea pamoja na shayiri, kwa sababu shayiri inatoka mbali na bei yake naijua. Shayiri ina maganda, na maganda ndiyo chujio lenyewe. Mtama uko uchi. (Tena wanga wa mtama hauyeyuki vizuri kwenye 67, kwa hiyo sehemu hiyo naichemsha uji kwanza, naipoza, ndipo naichanganya na shayiri. Mama aliposikia hivyo akasema hatimaye nimejifunza kupika.)

Kufungua mkwamo ule nilivuta mpira wa maji kwenye robine nikapuliza kwa mdomo, nikaunguza midomo mbele ya shemeji wote. Njia iliyofaa ni kufunga, kuongeza maji ya moto kiasi, kukoroga hadi chini, kungoja dakika 10, kisha kufungua mpini upana wa unyuzi tu. Siku hizi nafungua hivyo tangu mwanzo. Lita moja kwa dakika inatosha. Lita mbili za kwanza hutoka zimechafuka kwa unga, nazirudisha juu polepole nikizimwagia kwenye kisahani ili zisichimbe shimo, na zinazofuata zinakuja safi. Pia naongeza gramu 400 za maganda ya mpunga, yaliyooshwa vizuri, yafanye kazi ambayo mtama hauwezi. Chujio langu ni ule wavu wa inoksi unaovikwa kwenye mipira ya kuunganishia sinki: unakata ncha, unavua mpira wa ndani, unabaki na soksi ya chuma. Pima kwa sumaku na kwa kisu kabla ya kununua, mingine ni nailoni iliyopakwa rangi ya fedha.

Tundu la robine liko sentimita 3 juu ya sakafu ya glasiere, na hizo sentimita 3 zilikuwa zinaninyima lita mbili na nusu kila mara. Nilitaka kipande cha bomba la shaba nyekundu kilichopindwa kushuka hadi chini. Mji huu ulijengwa juu ya shaba, mkoa wenyewe uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na mimi nilizunguka siku tatu natafuta sentimita 15 za bomba. Niliipata kwa wauza vyuma chakavu, imetolewa kwenye friji. Niliichemsha na soda, nikaiosha kwa siki, baba akaipinda baada ya kuijaza mchanga ili isikunjike. Kiungo chake kikikaza bila hewa, inavuta yenyewe hadi karibu tone la mwisho. Sasa naacha kama nusu lita.

Jambo dogo la joto. Robine ya inoksi ni fimbo ya chuma inayotoka kwenye sanduku lenye joto kwenda nje, na Juni na Julai usiku wa hapa unashuka hata chini ya digrii 10. Kwa saa moja nilitoka 67 hadi 64. Nikaivika robine soksi nzee ya sufu, nikafunika glasiere blanketi, na kabla ya kutia kimea nikaisuuza kwa maji ya moto ili plastiki isianze kazi ikiwa baridi. Nikabaki 66.

Kirobine cha plastiki sikukitupa. Mama alikiona kwenye boksi la takataka, akakigeuza, akakibonyeza mara mbili, akauliza kama kinavuja. Nikamwambia kwenye joto tu. Akasema munkoyo yake hainywewi moto. Kiko kwenye ndoo yake sasa, juu ya kiti cha plastiki mlangoni Katuba, na watoto wanaotumwa na wazazi wao wanapigania nani atabonyeza.